Viwanda vya Katanga: taa imezimika, lakini waya bado inaweza kuua

Katika viwanda vya shaba na kobalti vya Haut-Katanga na Lualaba, kazi haisimami usiku. Mstari wa taa ukizimika juu ya mashine, mkubwa wa zamu humwita fundi wa umeme na kumtaka amalize mbio, kwani watu wanaendelea kutembea gizani kando ya vyuma vinavyozunguka.

Haraka hiyo ndiyo hatari. Fundi anapanda ngazi, anafungua taa, anaweka kipimo kati ya fazi na nyutro. Anasoma sifuri. Anaamua kwamba umeme haufiki, na anashika waya.

Sifuri hiyo inaweza kuwa ya uongo. Nyutro, ile waya ya bluu, ndiyo njia ya umeme kurudi. Ikikatika, ama skrubu yake ikilegea, taa zote zinazofuata huzimika, lakini fazi bado inazifikia. Umeme unapitia ndani ya taa hadi kwenye waya ya bluu na kukwama hapo. Sasa waya zote mbili zina karibu volti 220 zikipimwa na udongo, ila kati yao hakuna tofauti. Ndiyo maana kipimo hakionyeshi kitu. Na waya ya bluu ndiyo ile ambayo wengi wamezoea kuishika bila woga.

Kwa hiyo vipimo ni vitatu, si kimoja: fazi na nyutro, fazi na udongo, nyutro na udongo. Nyutro ikionyesha 220 kwa udongo, imekatika mahali fulani nyuma, upande wa tablo.

Mahali penyewe hapatafutwi kwa kufungua taa moja baada ya nyingine. Kama taa 16 ziko kwenye mstari mmoja, fundi anapima ya 8, kisha anaigawa katikati nusu yenye ubovu. Vipimo vinne vinatosha.

Katika ukumbi mkubwa, fazi tatu huweza kutumia nyutro moja. Ikikatika karibu na tablo, taa nyingine zinawaka kwa nguvu kupita kiasi, nyingine zinafifia, kwa sababu kati ya fazi na fazi kuna volti 380 na mgawanyo wake umeharibika. Zilizopata nyingi zinaungua. Ghala linatoa mpya, nazo zinaungua, na lawama inaangukia muuzaji wa taa!

Pane ya mvua ni nyingine. Disjonkteri inaanguka mvua ikinyesha. Jua likitoka, inashika vizuri. Mara nyingi maji yameingia ndani ya taa ya nje. Hapo umeme unakatwa, taa za LED zinatolewa kwenye mzunguko, na waya zinapimwa kwa volti 500: chini ya megaohmu 1, hazifai.

Kabla ya kukaza skrubu yoyote, disjonkteri inakatwa na kufungwa kwa kufuli. Kipimo kinajaribiwa kwanza mahali penye umeme, kisha kwenye waya ya kazi, kisha tena mahali penye umeme, kuhakikisha hakijafia njiani. SNEL kukata umeme si ruhusa ya kugusa waya: jenereta ya kiwanda huweza kuwaka yenyewe baada ya sekunde chache. Na ufunguo wa kufuli unabaki ndani ya mfuko wa fundi, hata mkubwa wa zamu akiuomba.