Steringi Hafi, Lakini Wengine Je?

Kwenye ushirika wetu wa Kikristo hapa chuoni, swali kuhusu muvi huwa ni moja tu: inafaa au haifai? Na jibu tunalipata kwa kuhesabu. Matusi mangapi? Kuna watu wamevua nguo? Vikikosekana hivyo, tunajazana chumbani kwa mwenye laptopu mpaka saa nane usiku, dhamiri safi kabisa.

Chukua John Wick ya mwaka 2014, ambayo nadhani nusu ya hosteli wanayo. Keanu Reeves ni muuaji aliyestaafu. Mke wake anafariki kwa ugonjwa na kumwachia mbwa mdogo. Mtoto wa bosi wa genge anamuua yule mbwa na kuiba gari. Kinachofuata ni kuua tu, na sisi tunashangilia. Mimi pia nashangilia, maana imetengenezwa nishangilie: kamera inakaa upande wa steringi, muziki unapanda akiinua bastola, na walinzi wanaoanguka wengi hata majina hawana. Hatukuonyeshwa wake zao wala mbwa wao. Kwa zaidi ya saa moja na nusu tunafundishwa kutamani kisasi, jambo ambalo Paulo katika Warumi 12 anawakataza waumini waziwazi. Ingekuwa busu, mtu angeshasogeza mbele.

Kinachonishangaza ni kwamba dawa tunayo. Sote tulifanya uhakiki sekondari, na sisi wa ualimu tunakwenda kuufundisha. Tulijifunza kwamba dhamira ni kitu kimoja na msimamo wa mwandishi ni kitu kingine. Uovu kuwepo kwenye hadithi siyo sawa na hadithi kuusifu. Waamuzi 19 kuna mwanamke anayebakwa usiku kucha, anakufa, mwili wake unakatwa vipande. Ingekuwa muvi, hakuna ushirika ungeruhusu ionyeshwe. Lakini msimulizi anaiweka pale kama ushahidi wa taifa lililopotea, siyo burudani. (Na kwa wapenzi wa muvi zilizotafsiriwa, kumbukeni mna misimamo miwili ya kuchuja: wa mwongozaji, na wa DJ anayewaambia nani acheke na nani afe.)

Sasa ilinganishe na Neria, filamu ya Zimbabwe. Mume wa Neria anakufa, na shemeji yake Phineas anachukua mali kwa kisingizio cha mila. Kwa kipimo cha kuhesabu inapita haraka, tunasema nzuri, tunalala. Hapo ndipo inapotuponyoka. Kila anayeiangalia anamchukia Phineas, kama Daudi alivyomkasirikia tajiri aliyechukua kondoo wa maskini, kwenye hadithi aliyosimuliwa na Nathani katika 2 Samweli 12. Daudi alitoa hukumu kabla hajaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Sisi je? Wengi tunajua msiba ambao vyombo viligawanywa kabla ya arobaini. Huenda kuna mwenzetu hapa ambaye ada yake imetoka kwenye shamba la mjane wa ukoo, na amekaa pale anamlaani Phineas.

Kwa hiyo muvi ikiisha, msikimbilie kuweka nyingine. Ulizaneni: tulitaka nani ashinde, na tulishawishiwaje? Dakika kumi zinatosha, na mabishano yake huwa matamu kuliko muvi yenyewe.

Sisemi kila kitu kiangaliwe bora kihakikiwe. Paulo, kwenye 1 Wakorintho 8, hakuona shida kwenye nyama yenyewe, ila alikuwa tayari kuiacha kwa ajili ya ndugu ambaye ingemwangusha. Chumbani kwenu kama kuna anayepambana kuacha picha za ngono, muvi yenye mambo ya kitandani isiwekwe pale, hata iwe na msimamo mzuri kiasi gani. Na asiulizwe kwa nini ametoka nje kupunga upepo.