Kabla ya Kuchomwa Sindano, Muulize Tabibu Amesoma Wapi

Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Ndugu msomaji, hapa Ngokolo hakosi mtu wa kuuliza baada ya swala: “Sheikh, mgongo unanitesa tangu nitoke machimboni Geita. Nimeelekezwa kwa mtu anayechoma sindano za Kichina. Inafaa?”

Tiba ya sindano si ngeni nchini. Madaktari wa Kichina walianza kuja Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968. Kisheria, asili ya tiba ni kuruhusiwa, maadamu haina shirki wala haramu. Kwa hiyo suala si sindano, bali ni mkono unaoishika.

Katika hadithi waliyoipokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kuwa na elimu hiyo, huyo ni dhamini: madhara atakayosababisha yako juu yake. Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 H), katika Zad al-Ma'ad, amefafanua. Tabibu hodari aliyepewa idhini na asivuke mipaka ya fani yake, hadaiwi. Asiyejua akamhadaa mgonjwa, anadaiwa. Lakini mgonjwa aliyejua kuwa mtu huyo hana elimu, na bado akamruhusu, hana cha kudai. Zingatia hapo: kunyamaza bila kuuliza kunaweza kukupotezea afya, na kuridhia jahili kwa kujua kunakupotezea na haki.

Waliotutangulia hawakuliacha jambo hili mikononi mwa mgonjwa peke yake. Mwaka 319 H (931 M) mtu mmoja alifariki Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru asitibu mtu ila aliyetahiniwa na Sinan bin Thabit. Wanahistoria wametaja kuwa waliotahiniwa walizidi 860.

Kwetu, kazi hiyo ni ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya Sheria Na. 23 ya mwaka 2002. Basi usione haya kuuliza haya:

Kwanza, yuko wapi usajili wake na wa kituo chake? Ukiwa na shaka, nenda ofisi ya mganga mkuu wa manispaa au wilaya.

Pili, amesoma wapi na kwa muda gani? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza saa 2,500 za mafunzo kwa asiyekuwa daktari. Semina ya siku mbili haimfanyi mtu kuwa tabibu.

Tatu, sindano ni mpya? Ifunguliwe mbele ya macho yako, itumike mara moja, kisha itupwe. Sindano iliyotumika kwa mwingine huweza kubeba Ukimwi na homa ya ini. Mwenye kupiga hijama naye aulizwe hivyo hivyo kuhusu wembe wake.

Nne, anajua mwili? Sindano ikizama mno kifuani huweza kutoboa pafu.

Tano, anajua mpaka wake? Mchimbaji mwenye kikohozi cha wiki mbili anahitaji kupimwa kifua kikuu hospitalini. Tabibu mkweli atamtuma huko. Anayedai kutibu kila maradhi, au anayekuambia uache dawa za hospitali, mkimbie.

Na akianza kupiga ramli kukutajia mchawi wako, huyo si tabibu tena. Mkoa wetu umeonja uchungu wa ramli: vikongwe na ndugu zetu wenye ualbino wameuawa kwa sababu yake.

Ndugu yangu, ng'ombe hununui mnadani bila kumkagua meno. Mwili wako ni amana ya Allah. Nao una haki zaidi ya kuulizwa habari za anayeugusa.

Wallahu a'lam.