Kupima Damu Juu ya Kuvu: Je, Karatasi Inasema Kweli?

Mara nyingine mnafika kliniki na karatasi ya laboratwari mkononi: «Kandida: pozitifu». Mama anaogopa, anauliza: «Niuze mbuzi ninunue dawa?» Ngojeni kwanza, tuelezane.

Kandida ni nini?
Ni kuvu ndogo sana, macho hayaioni. Inakaa mdomoni, tumboni na ukeni mwa watu wengi wenye afya, bila kuwasumbua. Mwili ukilegea, ao mtu akimeza antibiotiki siku nyingi, inaongezeka na kuleta ugonjwa.

Kipimo hicho kinatafuta nini?
Hakitafuti kuvu yenyewe. Kinatafuta askari wa damu, wanaoitwa antikori, ambao mwili unatengeneza ukikutana na kuvu. Sasa, kwa kuwa wengi wetu tunaishi na kandida, tuna askari hao hata bila kuugua. Kuona askari barabarani si kusema vita imeanza.

Tena mtoto mchanga anapokea askari wa mama yake tangu tumboni. Ukipima damu yake, unaweza kukuta askari wa mama, si ugonjwa wa mtoto.

Na karatasi ikisema «negatifu»?
Hata hapo usitulie bure. Mwili wa mgonjwa wa SIDA, ao wa mtoto aliyedhoofika kwa njaa, unaweza kukosa nguvu ya kutengeneza askari. Kuvu iko, askari hawako.

Njia nzuri ni gani?
Munganga anatazama mdomo wa mtoto. Maziwa yanapanguka upesi. Utando mweupe wa kandida unashika ulimi na mashavu. Akiwa na mashaka, anakwangua kidogo na kutazama kwa mikroskopi. Mara nyingi matone ya nistatini yanatosha. Chuchu zikiuma, mama naye atunzwe.

Lakini si kila kipimo cha damu ni kibaya. Kuvu nyingine, kriptokoki, inaweza kuingia kichwani mwa mgonjwa wa SIDA na kumwua. Kipimo chake kinatafuta kipande cha kuvu yenyewe, si askari. Hicho kinaaminika sana. Munganga akikiomba, kubali.

Kumbuka:
1. Uliza: «Kipimo hiki kinatafuta kuvu ao askari?»
2. Usipoteze feza ya dawa juu ya karatasi peke yake.
3. Utando ukirudi-rudi, ao mtoto akikataa kunyonya, mlete upesi. Munganga atatafuta sababu, hata SIDA.