Kwa Nini Afisa wa Kompyuta Huja Kituoni na Flashi

Mkazi akifika kliniki siku ambayo kompyuta zinaongezewa programu, huambiwa asubiri kidogo au huandikwa kwenye rejista ya karatasi. Swali huwa lile lile: simu yangu hujisasisha yenyewe usiku nikiwa nimelala, je, kompyuta ya hospitali inashindwa nini? Simu ina intaneti. Seva ya kituo, mara nyingi, haina, na si kwa sababu tu ya kukosa pesa za kuilipia.

Seva ni kompyuta inayotunza rekodi zote za kituo. Kompyuta za chumba cha daktari, maabara na dirisha la dawa zimeunganishwa nayo kwa waya, na mtandao huo wa ndani hauhitaji bando. Vituo vingi vya Nyanza hutumia mfumo wa KenyaEMR, ambao kati ya mwaka 2012 na 2014 uliwekwa katika vituo zaidi ya 300 nchini. Umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanza mwaka 2004, ikichochewa kwa sehemu na mahitaji ya kliniki za UKIMWI za Eldoret. Ulibuniwa ukijua kwamba si kila kituo kina laini ya kutegemewa. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti kulegea kote Afrika Mashariki, seva ya ndani ya kituo haikuwa na haja ya nyaya hizo ili kufungua faili la mgonjwa.

Kuna usalama pia. Mwezi Julai 2023 huduma za eCitizen zilivurugwa na wavamizi wa mtandaoni. Seva isiyofikiwa kutoka nje ni vigumu zaidi kuivamia, na ndani yake kuna mambo ambayo hakuna mkazi wa Kosele angependa yasomwe sokoni.

Gharama ya kinga hiyo huonekana siku ya kuongeza kitu. Mfumo kama huu huundwa kwa vipande: kimoja cha maabara, kimoja cha tarehe za miadi, na kadhalika. Kipande kipya huitwa nyongeza, na nyongeza haiji peke yake. Hutegemea vipande vingine, navyo vina vyake. Seva yenye intaneti huvitafuta na kuvipakua yenyewe. Isiyo nayo husimama pale inapokosa kimoja tu. Ni kama fundi wa bodaboda aliyeitwa kutengeneza pikipiki iliyokwama mbali na maduka: asipobeba kila nati tangu nyumbani, safari ni ya bure. Na spea ya Boxer haiingii TVS. Ndiyo maana vipande hivyo hupakuliwa kwenye kompyuta nyingine yenye mfumo wa uendeshaji wa toleo lile lile lililo kwenye seva.

Hata programu za kusimamia mtandao wenyewe, zinazoonyesha kifaa gani kimeunganishwa wapi, hufuata utaratibu huo. NetBox, kwa mfano, imeandikwa kwa lugha ya Python. Afisa hukusanya nyongeza na vyote inavyovitegemea katika folda moja, kisha huamuru seva isake humo tu, isijaribu kwenda nje. Baadaye huiandika nyongeza kwenye faili la mipangilio, hurekebisha hifadhidata na kuwasha huduma upya. Asipoiandika pia kwenye orodha ya nyongeza za pale, itatoweka siku NetBox yenyewe itakaposasishwa, na watu watabaki wakishangaa imekwenda wapi.

Sasa flashi. Watu huamini kwamba seva isiyo na intaneti haiwezi kupata virusi, na imani hiyo ni ya hatari. Virusi vya Stuxnet, vilivyogunduliwa mwaka 2010, viliharibu mitambo ya nyuklia ya Natanz, Iran, ambayo haikuunganishwa na intaneti. Inaaminika viliingia kwa flashi. Flashi iliyobeba nyimbo na picha za harusi haifai kuchomekwa kwenye seva ya wagonjwa, hata kama ni ya mkubwa wa ofisi. Inayotumika iwe ya kazi hiyo pekee, ikaguliwe kwanza, na kila faili lilinganishwe na alama yake ya uhakiki. Alama iitwayo SHA-256 ina herufi na tarakimu 64. Faili likibadilika hata kwa chembe, alama yote hubadilika. Lakini alama ya kulinganishia itoke kwa waliotengeneza programu. Ile iliyokuja ndani ya flashi hiyo hiyo haithibitishi kitu.

Kabla ya yote hayo, nakala ya hifadhidata huwekwa kwenye diski iliyo nje ya seva na kujaribiwa kama inafunguka. Hapa ndipo penye uzito kuliko pengine pote. Nyongeza inaweza kubadilisha jinsi rekodi zinavyopangwa, na kuiondoa baadaye hakurudishi mpangilio wa zamani. Bila nakala, mgonjwa anaweza kupoteza historia ya dawa zake au majibu ya kipimo cha wingi wa virusi vya miaka kadhaa. Afisa anayekataa kuanza kazi kabla nakala haijakamilika asiharakishwe, hata foleni ikiwa ndefu.

Siku kama hiyo, beba kadi yako ya kliniki na uhakikishe namba yako imeandikwa sawa kwenye rejista ya karatasi, kwa kuwa yaliyoandikwa huko huingizwa kwenye kompyuta baadaye. Ukirudi, uliza kama ziara ile ipo kwenye rekodi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti na inakupa haki ya kuomba makosa yasahihishwe. Data ikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli kwa wenyewe, anayeisimamia anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipojua.