Sikio Ndilo Limsimamishalo Mtu (Sehemu ya 2)

Juma lililopita tuliishia kwenye kiwambo cha sikio na vile vifupa vitatu. Leo tuingie ndani zaidi, na nitaanzia uwanjani. Aliyewatazama vijana wa Machakos wakicheza mbeni amemwona kijana akiruka, akajipindua kichwa chini miguu juu, akatua na kuendelea na ngoma kana kwamba hakuna lililotokea. Watu hushangilia misuli. Mimi hulishangilia sikio.

Ndani ya mfupa wa fuvu mna koklea, kijinjia kilichojizungusha kama gamba la konokono, mara mbili na nusu hivi. Hiyo ndiyo isikiayo. Imepakana na vipete vitatu vyenye maji, kila kimoja kimeelekea upande wake. Ukigeuza kichwa ghafla, maji hayo huchelewa kidogo, kama chai ukizungusha kikombe. Vinyweleo vya seli hupinda, na ubongo hujua kichwa kimegeuka. Ni nyumba moja yenye vyumba viwili, na maradhi yakiingia hayabagui chumba.

Sasa mtazame mtoto aliyepona homa ya uti wa mgongo. Alikuwa akitembea vizuri; leo anayumba, na taa ikizimwa anaanguka, kwa kuwa macho ndiyo yaliyokuwa yakimshikilia. Susu, yaani nyanya yake, husema, "Ni unyonge tu huo, mpeni uji." Apewe uji, lakini masikio yapimwe juma hilohilo. Kumgongea sufuria kwa nyuma si kipimo. Mtoto kiziwi huhisi mtikisiko akageuka, nanyi mkafurahi bure.

Haraka ni ya nini? Baada ya homa hiyo, koklea huweza kuanza kuziba kwa mfupa katika muda wa wiki chache tu. Ikiziba, daktari wa upasuaji hupata taabu kuupitisha uzi wa kipandikizi, kile kifaa cha kusikia kinachowekwa ndani ya koklea.

Kipandikizi hakikuzi sauti kama vile vifaa vya kawaida vya kusikia. Huziruka seli zilizokufa na kuusisimua mshipa wa fahamu kwa umeme. Graeme Clark alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza Melbourne mwaka 1978. Vifaa vingi vya leo vina vituo vya umeme 12 hadi 22, navyo vinashika nafasi ya seli zipatazo 15,000! Ndiyo maana sauti huja ngeni mwanzoni, na mtoto hufunzwa kusikia kwa miezi mingi. Gharama ni kubwa, na mizani ya mwili hairudishwi nacho.

Asiyekipata hajapotea. Machakos ina shule ya viziwi, na Katiba ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge.

Juma lijalo: sindano ya jentamaisini, inayookoa watoto wachanga, na jinsi inavyoweza kuviharibu vipete hivyo hivyo.