Kwa nini taa za magari hugeuka njano, na kwa nini kuzisugua peke yake hakutoshi

Magari mengi yanayotembea katika barabara za Burundi yalitumika kwanza miaka kadhaa nchini Japani, kisha yakapitia bandari ya Dar es Salaam kabla ya kufika Bujumbura. Injini zake mara nyingi bado zina nguvu na bodi zake zimepigwa rangi upya. Hata hivyo, taa za mbele hufichua umri ambao muuzaji hakuutaja: zimefunikwa na utando wa njano, mfano wa jicho lililopatwa na mtoto wa jicho.

Wamiliki wengi hulihesabu jambo hilo kuwa la urembo tu. Kandokando ya barabara wapo vijana ambao, kwa malipo madogo na kwa muda wa nusu saa, huisugua taa mpaka ing'ae. Baada ya miezi michache njano hurudi, na mara hii huwa nzito kuliko ya awali. Mwenye gari humlaumu kijana kwamba aliharibu kazi. Lakini huenda kijana yule alisugua vizuri kabisa. Kilichokosekana ni kazi iliyopaswa kufuata.

Ili kulielewa hilo, yafaa kwanza kukumbuka kwamba kile tunachokiita kioo cha taa si kioo tena. Zamani kilikuwa kioo halisi. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria ilidai taa za kioo zilizozibwa kabisa, na gari la kwanza kuuzwa huko likiwa na taa za umbo jipya lilikuwa Lincoln Mark VII la mwaka 1984. Tangu hapo, na hasa katika miaka ya 1990, watengenezaji wa magari karibu wote walihamia kwenye plastiki iitwayo polikaboneti. Plastiki hiyo ilivumbuliwa mwaka 1953 na mwanakemia Mjerumani Hermann Schnell, na takriban wakati huohuo Mmarekani Daniel Fox akaifikia kwa njia yake. Ni nyepesi, hufinyangwa kwa umbo lolote, na jiwe likirushwa na gurudumu la lori haipasuki kama kioo.

Ina udhaifu mmoja mkubwa: haistahimili jua. Mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni, huvunja na kupanga upya molekuli zilizo juu ya uso wake, na hapo ndipo rangi ya njano huzaliwa. Kwa sababu hiyo kiwandani kila kioo cha taa hupakwa ngozi ngumu isiyoonekana, yenye kemikali zinazoimeza mionzi hiyo kabla haijaifikia plastiki. Unene wake ni sehemu chache tu za elfu za milimita, mwembamba kuliko unywele. Ngozi hiyo huliwa polepole na jua, mchanga na vumbi la barabara. Siku inapopasuka na kubanduka magamba, plastiki iliyo chini hubaki uchi.

Nasi tunaishi mahali ambapo jua halina huruma. Tuko karibu na ikweta, na kwa kila mita 1,000 za kupanda juu, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Gari linaloegeshwa mchana kutwa bila kivuli katika miinuko ya Kayanza au Mwaro hupigwa na mionzi mikali kuliko lile lililoko kando ya Ziwa Tanganyika, ingawa dereva wake anahisi baridi. Baridi ya mlimani humdanganya mtu juu ya jua.

Je, hasara yake ni kubwa kiasi gani? Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizochakaa na kukuta kwamba zilitoa takriban asilimia 20 tu ya nuru ya taa mpya. Nuru hufifia haraka kadiri inavyokwenda mbali. Ikipungua hadi moja ya tano, mtu aliyekuwa akionekana umbali wa mita 60 sasa ataonekana vilevile akiwa kwenye mita 27 hivi. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa humaliza karibu mita 17 kila sekunde, na huhitaji mita 35 au zaidi ili lisimame kwenye lami kavu. Mvua ikinyesha umbali huo hurefuka. Kwa hiyo dereva anamwona mtu pale ambapo breki haiwezi tena kumsaidia. Kwenye Barabara ya Taifa Namba 1, baina ya Bujumbura na Bugarama, mtu huyo aghalabu ni mwendesha baiskeli aliyepakia ndizi au makaa, asiye na taa wala kiakisi mwanga. Ukungu nao huzidisha balaa, kwani utando wa njano huitawanya nuru kila upande. Sehemu ya nuru humulika ukungu mbele ya uso wa dereva mwenyewe, na nyingine humpofusha anayekuja.

Sasa tuje kwenye tiba. Dawa ya meno, inayosifiwa sana, kwa kweli hung'arisha, kwa kuwa ina chembechembe ndogo za kusugua. Lakini haiachi kinga yoyote nyuma yake. Petroli, tina ya rangi na mafuta ya breki ni adui kabisa: huingia ndani ya polikaboneti na kuifanya ipate nyufa ndogondogo ambazo hakuna msasa utakaoziondoa. Dawa ya kufukuzia mbu nayo huilainisha plastiki, na mng'ao wake wa ghafla ni dalili ya uso unaoyeyuka. Ipo pia njia ya kikombe cha umeme kinachochemsha kimiminika na kutoa mvuke unaoipa taa uwazi kwa dakika moja. Mvuke huo ni wa kiyeyushi chenye sumu. Unayeyusha uso, nao hauweki kinga.

Njia iliyo sahihi ni msasa wa maji. Taa huoshwa kwa sabuni, na rangi ya gari iliyo pembeni hufunikwa kwa utepe wa karatasi. Kama ngozi ya zamani imebanduka magamba, fundi huanza na msasa namba 800, kisha 1000, kisha 1500 na 2000, akilowanisha muda wote. Kila namba isuguliwe kukata mwelekeo wa iliyotangulia, ili mikwaruzo ya awali ionekane kama imekwisha au bado. Maji yanayotiririka ndiyo kipimo: mwanzoni huwa na unjano, na yakigeuka meupe kama maziwa ngozi iliyokufa imeondoka. Wengi hushtuka hapa, kwa sababu taa huonekana mbaya kuliko ilivyokuwa, nyeupe na isiyopenya nuru. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Anayeruka namba ili awahi atayaona makosa yake usiku wa kwanza.

Katika hatua hii ngozi yote ya kiwandani imeondolewa, ile iliyokufa na kile kidogo kilichokuwa hai. Taa ikipigwa polishi na kuachwa hivyo, jua hulipata lengo lisilo na ngao yoyote, na hiyo ndiyo sababu njano hurudi kwa kasi. Kwa maoni yetu, asiye na nia ya kuirudishia taa kinga ni afadhali asiisugue.

Kinga ziko za aina kadhaa, na hazilingani. Nta ya gari hudumu wiki chache. Vimiminika vya kupaka kwa kitambaa, vilivyotengenezwa mahususi kwa taa, hudumu miezi, navyo hupakwa baada ya polishi. Inayodumu zaidi ni vanishi isiyo na rangi, ambayo mafundi wa rangi huiita klia, hasa ile ya kuchanganywa na kigumishi. Kwa vanishi hiyo hakuna haja ya kupiga polishi: fundi huishia karibu na msasa namba 1500, hufuta kwa spiriti safi, husubiri pakauke kabisa, kisha hupuliza tabaka mbili au tatu nyembamba, kwani vanishi hushikamana na uso uliokwaruzwa na kuijaza mikwaruzo hiyo. Sharti kopo liwe limeandikwa kwamba lina kinga dhidi ya mionzi ya urujuanimno. La sivyo, vanishi itabaki safi huku plastiki iliyo chini yake ikigeuka njano tena. Mvuke wa kigumishi hudhuru mapafu vibaya. Kitambaa puani hakimkingi fundi; kinachofaa ni barakoa yenye kichujio cha kemikali, na kazi ifanyike nje.

Hata kazi nzuri ina mipaka. Katika vipimo vile vya AAA, taa zilizosafishwa zilirudi kwenye takriban asilimia 70 ya nuru ya taa mpya. Unyevu ulio ndani ya taa, kiakisi kilichoungua au nyufa zilizozama haviponywi kwa msasa. Wala tiba si kuweka balbu kali zaidi: taa nyingi za magari haya zilipangiwa balbu ya wati 60 na 55, na ile ya wati 100 huunguza soketi na kiakisi.

Limebaki jambo ambalo kwetu lina uzito wa pekee. Japani magari hupita kushoto, na taa zake zikiwa kwenye mwanga wa chini huinua nuru upande wa kushoto, kumulika ukingo wa barabara. Burundi tunapita kulia, kama Rwanda na Kongo, hivyo nuru ileile huelekea machoni mwa anayekuja. Utando wa njano ulikuwa ukiipunguza. Ukiondolewa, humpiga yule mwingine kwa nguvu zote. Kwa hiyo baada ya kusafisha, gari liegeshwe mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, na skrubu za taa zizungushwe mpaka ukingo wa juu wa nuru uwe takriban sentimita 10 chini ya usawa wa katikati ya taa. Skrubu hupunguza tatizo lakini hazibadilishi upande. Dawa kamili ni taa zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi za kupita kulia, na kwa asiyemudu bei yake zipo stika za kuziba kipande hicho cha nuru, kama zile wanazobandika Waingereza wanapovuka kwenda Ufaransa. Zibandikwe baada ya vanishi kukauka vizuri, kwani stika iliyowekwa mapema huondoka na ngozi mpya.