Mazoezi ya mbio za baiskeli: namna ya kuyapanga bila kuacha kazi wala jamaa

Saa kumi na moja ya asubui, kinga ziko tayari barabarani Uvira. Zingine zinabeba makala, zingine mihogo. Kwa kijana anayetaka kushindana mbio, swali ni hili: kama baiskeli ndiyo inaleta bugali, na mazoezi yanakula saa na nguvu, atafanya namna gani?

Septemba 2025, ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani ulifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Na kutoka Rwanda kuna mufano: Gasore Hategeka alikuwa anasafirisha viazi kwa baiskeli mbele ya kuingia timu ya taifa.

Kubeba muzigo kunajenga uvumilivu, lakini hakufundishi kasi. Mwili unajifunza kasi kwa kwenda kasi, kisha kupumuzika. Kwa mutu wa kazi, mazoezi matatu kwa juma yanatosha kuanza:

- Katikati ya juma, dakika 45 kwenye tambarare ya Kavimvira na Kiliba: kupasha mwili moto, kisha dakika 4 za nguvu, dakika 4 za polepole, mara nne.
- Siku mbili nyuma yake, kupanda kilima kimoja mara tano ama sita.
- Siku ya posho, saa mbili ama tatu upande wa Sange, kwa mwendo ambao mutu anaweza kuongea na mwenzake bila kukosa pumzi.

Siku ya muzigo muzito, zoezi kali liachwe: ile nayo ni kazi ya miguu. Asubui moyo ukipiga mara 10 kwa dakika kupita kawaida, mwili unaomba kupumuzika.

Muzuri kutoka wakati kumekucha, wawili ama watatu, na kurudi mbele ya jua kali. Maji yawe ya kuchemusha ama yenye dawa, juu kolera inajulikana hapa Uvira. Katika litre moja, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi vinarudisha kile jasho limeondoa.

Lakini mazoezi mengi yanakufia nyumbani. Bibi anaamuka mbele ya wote, anateka maji, anatayarisha watoto kwenda masomo. Bwana akipotea saa tatu kila siku ya posho, ile kazi yote inamuangukia yeye. Sharti wapatane wazi: saa gani za mazoezi, nani atateka maji siku ile, na feza gani haiguswe. Tairi mupya haiwezi kupita mbele ya minervali. Na kama mama ndiye anashindana, mupango ni ule ule: mwingine apike.

Mwenye kufuata mazoezi matatu madogo mwaka muzima atamupita yule aliyefanya sita kwa mwezi moja, kisha akaacha juu ya ugomvi nyumbani.